"Kule njo kwa batoto": juu ya nini vijana wetu wanaacha klabu



Kandokando ya mgodi wa Kinsevere, na katika mitaa ya Lubumbashi kule wengi wetu tunalala, vikundi vya vijana havikosekani. Kuna vya parokia, kuna vya makanisa mengine, kuna vya mashirika, kuna vile vinavyofunguliwa kwa makuta ya migodi. Siku ya kufungua watu wanajaa: mipira mipya, t-shirt za rangi moja, soda, picha, hotuba. Ukipita pale Jumamosi moja kisha miezi sita, utakuta watoto wa miaka 8, 9, 10 wanaruka. Wale wa miaka 14, 15, 16, ambao kikundi kiliundwa juu yao, hawako tena.

Wako wapi? Sisi wote tunajua. Wengine wako kwenye mashimo, wanabeba mifuko na kuosha madini pamoja na creuseurs. Wengine wanasukuma mizigo ya watu sokoni. Wasichana wanauza maji ya baridi, mikate, makala. Wengine tayari wamebeba mtoto wao wenyewe mgongoni. Na kuna wale wanaokaa tu kando ya njia, na lutuku haiko mbali.

Watu wanajibu haraka: vijana wa leo ni wavivu, simu imewaharibu. Sisi wa sendika hatukubali jibu hilo. Kijana anayebeba mfuko wa madini tangu asubuhi hadi jua kuzama si mvivu. Na simu iko pia mikononi mwa wale wanaodumu katika kwaya na katika ekipi za mpira. Tumeongea na bana wetu wenyewe na bana wa wenzetu, na neno linalorudi ni moja: "Kule njo kwa batoto."

Neno hilo tulipe uzito wake. Nyumbani, kijana wa miaka 15 amekwisha kuhesabiwa kama mtu wa kazi. Klabuni bado anahesabiwa kama mtoto. Akiwa na mahali hapo pawili pa kuchagua, ataenda pale wanapomwona mtu mzima, hata kama pale ni ndani ya shimo.

Miaka 12, mlango wa makuta

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri ni ya lazima na ya bure. Tangu Septemba 2019 serikali imeanza kutimiza neno hilo katika shule zake. Ni jambo kubwa, familia nyingi zimepumua. Lakini bure hiyo inasimama mwisho wa primeri. Mtoto akiingia sekondari, wazazi wanaanza kulipa: minerval, uniforme, madaftari, njia ya kwenda na kurudi, na kule mwisho examen d'État. Ni hapo, kwenye miaka 12 au 13, njo mtoto anageuka mzigo katika hesabu ya nyumba. Akiwa na wadogo watatu nyuma yake, hakuna haja ya mtu kumwambia atafute makuta. Anaona mwenyewe bukari inavyopungua kwenye sahani.

Sasa angalia siku ya klabu: Jumamosi mchana. Jumamosi ni siku ya soko, siku ambayo kijana wa masomo anaweza kupata franka za juma zima. Klabu inamlomba siku hiyo, na inamrudishia nini? Nyimbo za kupiga makofi, mchezo wa kuruka kamba, na fundisho la kunawa mikono ambalo alishalisikia akiwa na miaka 9. Hesabu hiyo kijana anaifanya haraka kuliko mkubwa yeyote wa mradi.

Kuna waliotafuta dawa kwa kulipa "transport": anayekuja anapewa franka kidogo. Kikundi kinajaa, mradi unaisha, franka zinakatika, na juma lile lile wanaondoka wote. Hatushangai. Ukimlipa mtu ili akae kwenye kiti, umemfundisha kwamba kukaa pale hakuna faida nyingine.

Kuna pia vijana wanaoingia na tumaini moja tu: labda klabu itawafikisha kwenye kazi ya mgodi. Hakuna anayewaambia wazi kwamba sivyo, juu ya kuogopa wataondoka. Wanangoja mwaka, wanangoja miwili, wanaona watu wanaandikwa kazi bila klabu kuulizwa, na wanaondoka wakiwa wamekasirika. Afadhali kusema ukweli siku ya kwanza.

Vikundi vya zamani vilikuwa na ngazi

Mtu asituambie kwamba vijana wa Katanga hawajui kudumu katika kikundi. Mwaka 1939, wamisionari Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface, hapa Lubumbashi iliyoitwa Elisabethville wakati ule, walitafuta namna ya kuwapa wanafunzi wao kazi nje ya darasa. Ilitoka kwenye skauti, ikawa ekipi ya mpira, wakaiita Saint-Georges, jina la mtakatifu wa maskauti. Kikundi kile cha wanafunzi njo leo Tout Puissant Mazembe, bingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Tunapiga makelele juu yake kila mara inapocheza, lakini ni wachache wanaojua kwamba ilizaliwa katika kikundi cha vijana.

Skauti wana kitu ambacho vikundi vingi vya sasa vimekosa: ngazi. Mtoto anaingia louveteau, akikua anakuwa éclaireur, halafu routier, na mwishoni anaongoza wadogo. Kila hatua ina kazi yake na ahadi yake, na watu wote wanaiona kwenye nguo yake. Xavéri, waliozaliwa Kivu mwaka 1952 kwa mkono wa padri Georges Defour, nao wanapanga vijana kwa umri. Miaka ya 1970, wakati Mobutu alifunga vikundi vya kanisa na kutaka vijana wote waingie JMPR, padri Ignace Matondo aliunda Bilenge ya Mwinda kule Kinshasa. Njia yake ni ya hatua kwa hatua, sawa vile wazee walivyokuwa wakiingiza kijana katika utu uzima. Walunda na Watchokwe walijua jambo hilo kwa mukanda yao mbele ya Wazungu kufika: mtoto anaingia, anafundishwa, anatoka akiwa mtu mwingine, na kijiji kizima kinampokea vile.

Katika klabu nyingi za leo, mtoto wa miaka 9 na kijana wa miaka 17 wanasimama katika mzunguko mmoja na kuimba wimbo mmoja. Hakuna mlango wa kupita. Aliyeingia akiwa na miaka 10 na amefika 15 hajapewa ufunguo wa sanduku la mipira. Hajaandika hata mstari mmoja katika daftari ya makuta. Hajaulizwa neno juu ya programu ya mwaka. Komite ni ya watu wazima, na wakati mwingine huyo "président wa vijana" ana bibi na watoto wanne. Kijana akiondoka pale, anaacha mahali ambapo hakuna kitu kilichokuwa mikononi mwake.

Wasichana wanaondoka mbele

Wasichana wanaondoka mapema kuliko wavulana, na wanaondoka bila makelele, njo maana hakuna anayeuliza. Kwanza ni kazi za nyumba: maji, wadogo, kupika. Kisha ni saa. Klabu ikifungwa giza likiingia, hakuna mama mwenye akili atakayemwacha binti yake arudi peke yake kando ya njia ya malori. Kisha ni choo. Mahali pa mkutano mara nyingi hapana choo chenye mlango. Msichana akiwa katika siku zake anabaki nyumbani; mwezi wa pili anabaki tena; mwezi wa tatu hasemi tena kwamba anaenda. Na akibeba mimba, jina lake linafutwa.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kuoza mtu mbele ya miaka 18. Inakataza pia kumtia mtoto kwenye kazi za hatari, na shimo la madini ni hatari. Ni sheria nzuri. Lakini msichana aliyefutwa shuleni na klabuni katika juma moja, nani anabaki karibu naye wa kumkumbusha sheria hiyo? Anaolewa, na jirani wanasema ni mambo ya nyumba ya watu. Klabu inayomfukuza msichana mwenye mimba imemwacha siku ile alipokuwa na haja nayo zaidi.

Baba yuko posti

Sasa tufike kwenye upande wetu, wafanyakazi.

Zamani kambi za Union Minière, kisha Gécamines, zilikuwa na shule, hospitali, foyer social, kiwanja na cercle karibu na nyumba. Hatusemi ilikuwa paradiso. Ilikuwa pia namna ya kumshika mfanyakazi pamoja na familia yake: kompani ilitaka kujua hata unakula nini na unalala saa ngapi. Lakini kijana wa kambi alikuta pale mtu mzima mwenye mshahara, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na vijana. Gécamines ilianguka miaka ya 1990, na katika 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka kwa ile "départs volontaires". Viwanja vilibaki. Waliolipwa kuviongoza hawakubaki.

Kinsevere ni mgodi wa wakati mwingine. Iko kilomita karibu 30 kaskazini mwa Lubumbashi, na mabamba ya shaba yalianza kutoka kwenye kiwanda chake mwaka 2011. Ni wakati wa mabasi na wa sous-traitance. Katika migodi ya siku hizi posti ni ya saa 12, siku fulani mchana, siku fulani usiku. Mtu anapanda basi giza bado, anashuka giza limerudi. Siku yake ya kupumzika inaanguka mara Jumanne, mara Alhamisi. Mtu mwenye ufundi, mwenye moyo wa kuonyesha vijana namna ya kuunga chuma au kufungua motere, Jumamosi mchana yuko posti au amelala juu ya posti ya usiku.

Basi nani anabaki kuongoza? Kijana wa miaka 22 anayejitolea bila mshahara, na ambaye naye anatafuta kazi. Tunamheshimu, bila yeye kungekuwa hakuna kitu. Lakini siku anayopata kazi, klabu inabaki bila kichwa. Anakuja wa pili, naye anaondoka. Kijana wa miaka 14 aliyemfungulia moyo mwongozi wa kwanza, na kisha wa pili, hatamfungulia wa tatu. Mtoto wa miaka 8 anarudi juu ya mpira. Yule wa miaka 15 anarudi juu ya mtu anayejua jina lake, anayejua baba yake anakunywa, anayejua kwamba alifukuzwa masomo juu ya minerval. Mtu huyo akikosekana, mpira mpya hausaidii.

Makuta iko, mtu njo anakosekana

Kuna wanaosema hakuna makuta ya kumlipa mwongozi. Tufungue sheria pamoja. Code minier iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inalazimisha kila kompani inayochimba kutoa kila mwaka 0,3% ya mauzo yake yote kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mgodi. Makuta hiyo inaitwa dotation, na katika chombo kinachoisimamia watu wa jamii wana viti vyao. Iko pia cahier des charges, mapatano ya miaka mitano kati ya kompani na jamii. Na juu ya hiyo, 15% ya redevance minière inaenda kwa sekta, chefferie au commune ya pale mgodi ulipo.

Tufanye hesabu ya mfano. Kompani ikiuza kwa dola milioni 100 katika mwaka, 0,3% ni dola 300 000. Tuseme mwongozi wa vijana alipwe dola 300 kwa mwezi: ni dola 3 600 kwa mwaka. Waongozi watano ni dola 18 000. Ni sehemu 6 kwa 100 za dotation ya mwaka ule. Kwa hesabu hiyo vijiji vitano vinapata kila kimoja mtu aliyefundishwa, anayekaa miaka mitano, na anayehesabiwa kazi.

Wazee wengine watatuambia: maji kwanza, dispensaire kwanza, njia kwanza. Wana haki. Mtoto mwenye kuhara hana haja na klabu. Lakini hatulombi kukata kwenye maji. Tunalomba tuanze kukata kwenye t-shirt, kwenye hema za sherehe na kwenye soda za siku ya kufungua. Na tunalomba kwamba neno "vijana" likiandikwa katika cahier des charges, liandikwe pamoja na mshahara wa mtu, si pamoja na vitu peke yake. Mpira unapasuka katika miezi mitatu.

Kwa hiyo tunatia mbele ya kompani za migodi, mbele ya wakubwa wa jamii na mbele ya wandugu wote mambo manne.

La kwanza ni mwongozi anayelipwa kwa dotation, mwanamume na mwanamke kwa kila klabu pale inapowezekana, kwa miaka yote mitano ya mapatano.

La pili ni ngazi. Kutoka miaka 8 hadi 12, mchezo na nyimbo. Kutoka 13 hadi 15, kazi ya mikono na kusimamia kitu: daftari, sanduku, shamba la mboga, ekipi ya wadogo. Kutoka 16, viti viwili katika komite, kimoja cha msichana, na haki ya kuona makuta yote. Wa miaka 16 hadi 18 wapelekwe wakati wa vakansi kwenye INPP ya Lubumbashi. Waajiri wanalipia INPP kwa sheria, juu ya kufundisha watu kazi. Kijana akirudi na karatasi ya kuunga chuma au ya umeme, nyumbani wataona kwamba klabu inaleta kitu, na baba hatamwita tena sokoni.

La tatu ni saa na choo. Klabu imalizike mbele ya giza, pasiwe mahali bila choo chenye mlango, na msichana mwenye mimba au mwenye mtoto abaki na jina lake katika orodha. Kijana anayeuza Jumamosi asubuhi apokelewe mchana bila kuulizwa juu ya nini amechelewa.

La nne linahusu posti zetu. Tunalomba kompani zikubali kwamba mfanyakazi anayefundisha vijana aweze kubadilishana posti na mwenzake mara moja kwa mwezi, bila kukatwa mshahara na bila kuandikwa hayupo. Kwa kompani ni karatasi moja ya chef d'équipe. Kwa kijana ni kumwona fundi wa kweli, mwenye mikono ya kazi, amekuja juu yake.

Wapapa na wamama, na nyinyi mko na sehemu. Kijana akiwa na saa mbili za klabu kwa juma, saa hizo ziheshimiwe sawa vile saa za kanisa zinavyoheshimiwa. Muulize amefanya nini kule. Akikuambia "hakuna kitu", usimpigie makelele: nenda umuulize mwongozi.

Na nyinyi vijana, mkisema "kule njo kwa batoto", semeni mbele ya komite, kwa sauti, na mseme mnataka nini mahali pake. Hakuna anayejua kuliko nyinyi.

Mikutano ya kupanga makuta ya dotation inafanyika karibu na kwetu, na watu wetu wanakaa ndani. Mara ijayo wakisoma orodha ya vitu vya vijana, mipira kumi, t-shirt mia, ngoma mbili, mtu mmoja ainue mkono aulize: Jumamosi nani atakuwa pale na watoto, na atalipwa na nani? Orodha isipitishwe mpaka jina la mtu huyo limeandikwa.